Siku Kumi na Saba: Burundi katika Olimpiki ya Atlanta, 1996

Mimi nilizaliwa mwaka 2000, miaka minne baada ya michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Kwa hiyo habari ninayoiandika hapa sikuiona kwa macho yangu. Nilifundishwa shuleni, nikaisoma baadaye nilipokuwa mkubwa, na mwishowe nikawauliza wazee wa nyumbani kwetu. Shida ni kwamba shule, vitabu na wazee hawasemi jambo moja. Ndiyo sababu nimeichagua habari hii kwa insha yangu.

Shuleni tulifundishwa hivi: mwaka 1996 kijana wa mkoa wa Makamba, Vénuste Niyongabo, alishinda medali ya dhahabu huko Marekani, na siku hiyo Warundi wote walisahau vita wakashangilia pamoja. Niliiamini hadithi hiyo kwa miaka mingi, tena niliipenda. Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni, mwalimu wetu alituambia kila mmoja achague tukio moja la historia ya nchi yake, aliweke katika tarehe zake, kisha aseme lina maana gani kwake. Nilichukua daftari nikachora mistari miwili. Juu ya mstari wa kwanza niliandika Atlanta, juu ya wa pili nikaandika Burundi. Nilipomaliza kujaza tarehe, niliona kwamba siwezi tena kuisimulia hadithi ile kama nilivyofundishwa.

Nianze na swali la kwanza ambalo msomaji anaweza kuniuliza: kwa nini Burundi ilichelewa sana kufika Olimpiki? Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Majirani zetu walitutangulia mbali. Mganda John Akii-Bua alikuwa amekwisha kushinda dhahabu huko Munich mwaka 1972 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Watanzania Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walikuwa wamerudi kutoka Moscow mwaka 1980 na medali za fedha. Wakenya hata sina haja ya kuwataja. Sisi tulikuwa hatujawahi hata kupita mbele ya watu na bendera yetu siku ya ufunguzi.

Haikuwa kwa kukosa wakimbiaji. Nchi haiwezi kupeleka wachezaji Olimpiki mpaka iwe na Kamati ya Olimpiki ya taifa inayotambuliwa na ile ya kimataifa, na Burundi haikutambuliwa mpaka mwaka 1993. Aliyeumia zaidi kwa jambo hilo ni Dieudonné Kwizera. Kwizera alikuwa mkimbiaji mzuri, aliyesoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Nebraska huko Marekani. Ilipofika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, alikuwa kijana mwenye mbio na hakuwa na kamati ya kumpeleka. Akangoja miaka minne. Ilipofika Barcelona mwaka 1992, mambo yalikuwa yaleyale. Mkulima akikosa mvua mwaka huu huweza kulima mwakani, lakini miguu ya mkimbiaji ina misimu michache tu, na Kwizera alipoteza miwili iliyo mikubwa kwa sababu ya karatasi.

Mwaka 1993 tulipata kamati. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, tulifanya uchaguzi na Melchior Ndadaye akawa rais wa kwanza kuchaguliwa na watu kwa njia ya vyama vingi. Tarehe 21 Oktoba aliuawa, na nchi ikaingia katika mauaji na vita. Aliyemfuata, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege iliyotunguliwa Kigali, akiwa pamoja na rais wa Rwanda. Kwa hiyo mlango wa Olimpiki ulifunguliwa kwetu mwaka uleule nyumba ilipoanza kuwaka moto.

Wakimbiaji hawakuacha kukimbia. Katika mashindano ya riadha ya dunia ya mwaka 1995 yaliyofanyika Gothenburg, Sweden, Arthémon Hatungimana alipata medali ya fedha ya mita 800, na Vénuste Niyongabo akapata ya shaba ya mita 1,500. Niyongabo, aliyezaliwa Vugizo mwezi wa Desemba 1973, wakati huo alikuwa akifanya mazoezi Italia. Mbio zake zilikuwa hizo za mita 1,500, na wakimbiaji waliokuwa wakimshinda katika umbali huo walihesabika kwa vidole. Kila mtu aliyefuata riadha alijua kwamba Atlanta angekimbia mita 1,500 na kwamba angeweza kupata medali.

Sasa nirudi kwenye mistari yangu miwili.

Michezo ilifunguliwa Ijumaa tarehe 19 Julai 1996. Kikosi chetu kilikuwa kidogo, wote watu wa riadha, na kwa mara ya kwanza bendera ya Burundi ilipita uwanjani pamoja na nyingine. Kesho yake, tarehe 20, huko Bugendana, mkoa wa Gitega, watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekimbilia kambini waliuawa. Tarehe 23, Rais Sylvestre Ntibantunganya alikwenda kwenye mazishi yao, akafukuzwa kwa mawe. Baada ya hapo alikimbilia katika nyumba ya balozi wa Marekani, mjini Bujumbura. Tarehe 25 jeshi lilichukua serikali na Meja Pierre Buyoya akarudi madarakani. Wakimbiaji waliondoka nyumbani chini ya rais mmoja, na kabla hata mbio zao hazijaanza, rais alikuwa mwingine.

Huko Atlanta nako hakukuwa na utulivu mtupu, maana usiku wa kuamkia tarehe 27 bomu lililipuka katika bustani ya michezo. Tarehe 29 Aloÿs Nizigama alikimbia fainali ya mita 10,000. Mshindi alikuwa Haile Gebrselassie wa Ethiopia, akifuatwa na Paul Tergat wa Kenya na Salah Hissou wa Morocco. Nizigama alikuwa wa nne. Nafasi ya nne ni ngumu kuliko zote, kwa sababu ni ya kwanza kati ya zile zisizopewa kitu. Katika mbio hizohizo jirani yetu Mathias Ntawulikura wa Rwanda alikuwa wa nane, miaka miwili tu baada ya mauaji ya kimbari nchini kwake.

Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi za jirani walikutana Arusha, mahali ambapo Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wa mgogoro wetu. Waliamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi kwa sababu ya mapinduzi. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwao. Kwa nchi isiyo na bahari kama yetu, maana yake ilikuwa kwamba mafuta, sukari na saruji havingepita tena kutoka Mombasa wala Dar es Salaam.

Siku tatu baadaye, tarehe 3 Agosti, ilikuwa fainali ya mita 5,000.

Hapa lazima nieleze kwa nini Niyongabo alikuwa katika fainali ya mita 5,000 wakati mbio zake ni za mita 1,500. Kabla ya michezo alimwachia Kwizera nafasi yake. Mtu aliyekuwa na matumaini makubwa ya medali alimwambia mwenzake aliyekosa Seoul na Barcelona aingie yeye, na yeye mwenyewe akahamia umbali ambao alikuwa ameukimbia katika mashindano mara mbili tu maishani mwake. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara huwa naangalia ile hesabu: mara mbili. Mtu huyu hakutoa kilichombakia. Alitoa chungu kizima, akaenda kutafuta kingine.

Kwizera alikimbia mita 1,500. Hakufika fainali. Lakini jina lake limeandikwa katika orodha ya watu waliokimbia Olimpiki, na hakuna anayeweza kulifuta.

Katika fainali ya mita 5,000 walikuwepo watu wenye sifa. Dieter Baumann wa Ujerumani ndiye aliyeshinda Barcelona. Paul Bitok wa Kenya ndiye aliyekuwa wa pili huko Barcelona. Gebrselassie hakuwepo, kwa kuwa miguu yake iliumizwa na ule uwanja mgumu katika mita 10,000. Kulipokaribia mwisho Mmarekani Bob Kennedy alishika uongozi na uwanja mzima ukamshangilia. Kisha Niyongabo akachomoka. Alikimbia mzunguko wa mwisho kama mtu wa mita 1,500, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Bitok alimfuata akikaribia kila hatua, lakini mstari ulifika kabla yake. Niyongabo alitumia dakika 13 na sekunde 7.96. Bitok alitumia dakika 13 na sekunde 8.16. Wa tatu alikuwa Khalid Boulami wa Morocco. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde, muda usiotosha hata kutamka neno Burundi.

Kisha walisimama jukwaani. Mrundi juu, Mkenya pembeni yake. Wiki ileile nchi ya huyu ilikuwa imekubali kuufungia mpaka nchi ya yule. Wimbo uliopigwa ni Burundi Bwacu, wimbo wa nchi ambayo majirani walikuwa wametoka kuiwekea vikwazo.

Michezo ilifungwa tarehe 4 Agosti. Zilikuwa siku kumi na saba. Kwenye mstari wa Atlanta zinaisha na wimbo, na kwenye mstari wa Burundi hazina mwisho.

Nilipofika hapo niliamua kuwauliza wazee. Nyumbani kwetu upande wa mama ni Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, msikitini na jikoni. Nilianza na bibi.

"Bibi, siku Niyongabo aliposhinda ulikuwa wapi?"

"Nitakuwa wapi, mjukuu wangu? Usiku hatukutoka. Amri ilikuwa hakuna kutembea. Tulisikia asubuhi, redioni kwa jirani."

"Mlishangilia?"

"Tulishangilia, mbona! Wanawake tulipiga vigelegele mpaka kwenye bomba la maji. Halafu nikaenda dukani kununua sukari, nikakuta bei imepanda tangu jana. Nikarudi na nusu ya niliyotaka. Mimi siku hiyo naikumbuka kwa mambo mawili, medali na sukari."

Niliandika maneno yake katika daftari langu, kwenye ule mstari wa pili. Bibi anasema ukweli ambao shuleni hatukuusikia: furaha ilikuwepo, na ilidumu mpaka dukani.

Mjomba wangu ilikuwa vigumu zaidi kumuuliza. Yeye alivuka mpaka kuingia Tanzania baada ya mwaka 1993, akaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, na alirudi mimi nikiwa mtoto. Katika nyumba yetu mwaka 1996 hautajwi mbele yake. Nilimsubiri jioni moja alipokuwa amemaliza kula.

"Shikamoo, mjomba. Nina kazi ya chuo, nataka kukuuliza."

"Marahaba. Uliza."

Nilimuuliza. Akanyamaza kiasi cha kunifanya nijute. Kisha akasema, "Sikushangilia. Kule kambini tulikuwa na redio moja, watu wengi. Waliposema Burundi imepata dhahabu, wengine waliruka. Mimi nilikaa. Nilijiuliza, Burundi ipi? Hii iliyonifukuza? Walipigiwa wimbo, na mimi nina shamba Burundi siwezi kulilima. Niruke kwa ajili ya nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia tu kwamba nimesoma habari za Kwizera, jinsi Niyongabo alivyomwachia nafasi. Alikuwa hajui. Ile habari redio haikuisema siku ile, au aliisema mtu akiwa amekwisha kuondoka. Alinitaka nimweleze tena taratibu. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Basi huyo kijana alifanya jambo kubwa kuliko kushinda," alisema. "Wakati ule kila mtu nchini alikuwa ameshika kiti chake kwa mikono miwili. Yeye ndiye pekee niliyesikia kwamba aliinuka, akamwambia mwenzake kaa."

Nadhani mjomba wangu alinifanyia insha yangu kwa sentensi moja. Lakini nitajaribu kuongeza yangu, kwa sababu alama ni zangu.

Kwanza, si kweli kwamba medali ya Atlanta ilileta amani, na hatupaswi kuwafundisha watoto hivyo. Vikwazo viliendelea mpaka Januari 1999. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, mwaka niliozaliwa mimi, na hata baada ya hapo bunduki ziliendelea kulia kwa miaka kadhaa. Kama ushindi wa mbio ungeweza kumaliza vita, vita yetu ingeisha kabla ya mimi kuzaliwa. Hadithi ya shuleni inatufurahisha, lakini inamfuta mjomba na wote waliokaa kimya kando ya redio. Historia inayowafuta waliokaa kimya si ya nchi nzima.

Pili, si kweli vilevile kwamba medali ile haikuwa na maana. Wapo watakaosema kwamba ilikuwa mbio tu, na watu walikuwa wakifa. Ni kweli watu walikuwa wakifa. Lakini katika siku hizo kumi na saba dunia ilisikia jina la Burundi mara nyingi likienda pamoja na maneno mauaji, mapinduzi na vikwazo. Mara moja tu lilikwenda na neno lingine. Bibi alipopiga kigelegele hakuwa mjinga asiyejua kinachotokea. Alikijua kuliko sisi wa vitabu. Alichukua kidogo kilichokuwepo.

Tatu, na hili ndilo la mjomba, nadhani tumeweka mkazo mahali pasipo pake. Tunawafundisha watoto kuhusu dakika 13 na sekunde 7.96, na wanapaswa kuzijua. Lakini wazee wa Kiswahili walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na Niyongabo alitoa kabla hajawa na dhahabu yoyote. Siku alipomwachia Kwizera nafasi hakujua kwamba angeshinda. Angeweza kurudi mikono mitupu, na watu wangemwita mpumbavu. Historia yetu ya miaka ile imejaa watu waliokataa kuachia kitu. Mmoja aliachia, na tendo lake tumelifanya kuwa mkia wa habari, wakati ndilo kichwa chake.

Baada ya Atlanta Niyongabo alisumbuliwa na majeraha na hakupata tena medali ya Olimpiki. Burundi ilingoja miaka ishirini. Mwaka 2016 huko Rio, Francine Niyonsaba alipata medali ya fedha katika mita 800. Mimi nilikuwa na miaka 16 na hiyo niliiona kwa macho yangu, katika televisheni, tukiwa tumebanana sebuleni kwa jirani. Baadaye kanuni mpya za riadha kuhusu homoni zilimzuia Niyonsaba kukimbia mita 800, naye akahamia mbio ndefu. Mwaka 2021 aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Wakimbiaji wetu wawili wenye medali, wote wawili walihama umbali wao, mmoja kwa hiari na mwingine kwa kulazimishwa, na wote wawili walikimbia vizuri walikohamia. Sisemi kwamba hilo ni fundisho kwa nchi. Nasema tu kwamba nchi ya watu waliohamahama inaweza kuwaelewa.

Jambo la mwisho. Nilipomaliza kuandika nilimsomea bibi na mjomba insha hii, sebuleni, kwa Kiswahili. Bibi alinisahihisha maneno mawili. Mjomba alisikiliza mpaka kwenye mbio. Nilipofika mahali Bitok anapokaribia, nilimwona amesogea mbele kwenye kiti chake, kana kwamba hajui nani atashinda. Nilisoma taratibu ili asikose kitu. Niyongabo alipovuka mstari, mjomba hakusema neno. Alipiga paja lake mara moja kwa kiganja, kwa nguvu, kama watu wafanyavyo mpirani. Bibi akamtazama, akarudi kwenye mchele wake.